Padri Freinademetz, Mladini Aliyejifanya Mchina

Katika milima ya Alpi, upande wa kaskazini wa nchi ya Italia, liko bonde moja liitwalo Badia. Mtu afikaye huko siku hizi wakati wa baridi hukuta theluji imefunika kila kitu, na watu kwa maelfu, waliotoka kila pembe ya Ulaya, wakiteremka milimani kwa kuteleza juu ya mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Wakishafika chini hupandishwa tena kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba nene za chuma. Kila mwezi wa Desemba, tangu mwaka 1985, mabingwa wa mchezo huo hushindana kwenye mteremko wa Gran Risa, katika kijiji cha La Villa. Hoteli hujaa, na wenyeji, ambao babu zao walikuwa wakulima maskini wa kuhesabu kila kipande cha mkate, sasa wanaishi kwa raha. Hatuna neno baya juu ya mchezo huo, wala juu ya raha hiyo. Lakini leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyezaliwa katika bonde hilo hilo zamani, kabla mtu yeyote hajafikiri kwamba theluji yaweza kuleta fedha. Jina lake ni Josef Freinademetz, na kwao walimwita Ujöp.

Kwanza yafaa tuseme kidogo juu ya watu wake. Wenyeji wa bonde la Badia si Wajerumani kwa lugha, wala si Waitaliano. Ni Waladini. Warumi walipoishinda milima hiyo mwaka 15 kabla ya Kristu, Kilatini cha askari na wachuuzi kiliingia mabondeni, kikachanganyika na lugha za wenyeji, na baada ya karne nyingi kikazaa Kiladini. Baadaye sehemu nyingi za milima hiyo zilimezwa na Kijerumani kutoka kaskazini na Kiitaliano kutoka kusini. Kiladini kikabaki kama kisiwa katika mabonde matano ya milima ya Dolomiti, yaani Badia, Gardena, Fassa, Livinallongo na Ampezzo. Wakihesabiwa wote wasemao lugha hiyo leo, ni watu 30,000 tu au zaidi kidogo. Zamani nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Tirol, chini ya Kaisari wa Austria. Baada ya vita kuu ya kwanza, kwa mkataba wa mwaka 1919, ikatiwa katika Italia. Basi huyu Ujöp alizaliwa raia wa Austria, nyumba aliyozaliwa sasa iko Italia, na yeye mwenyewe kwa damu na ulimi hakuwa hiki wala kile.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili mwaka 1852 katika kitongoji cha Oies, akabatizwa siku iyo hiyo. Oies si kijiji hata kidogo. Ni nyumba chache tu zilizokusanyika kwenye mteremko, kama ilivyo desturi ya Waladini, ambao tangu kale hujenga pamoja familia kadhaa na kushiriki chemchemi moja, birika moja la kunyweshea mifugo na tanuri moja la kuokea mkate. Juu ya Oies umesimama ukuta wa mwamba wenye urefu wa kutisha, Mlima wa Msalaba Mtakatifu, na chini ya mwamba huo, mita 2,045 juu ya bahari, liko kanisa dogo la hija lililotabarukiwa mwaka 1484. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mama alikuwa na uzazi mwingi, na kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za siku zile, baadhi ya watoto walikufa wangali wachanga. Ujöp alikuwa wa nne. Katika nyumba hiyo walisali pamoja asubuhi na jioni, na kazi haikuisha.

Alipokuwa bado mtoto, watu waliojuana na wazazi wake waliona kwamba ana akili, wakashauri apelekwe masomoni Brixen, mji wa askofu. Hapo ndipo alipopambana na shida ambayo wasomaji wetu wengi wataitambua bila kuelezwa. Shule ya Brixen ilikuwa ya Kijerumani, na Kiladini cha mama yake hakikumfikisha hata kwenye benchi la kwanza. Ilimbidi ajifunze upya kusema, kabla hajaanza kujifunza kitu kingine chochote. Aliyepata kukaa darasani akielewa nusu ya maneno, huku wenzake wanacheka, ajua jinsi mtoto anavyojiona mdogo. Lakini twaona pia kwamba shida hiyo ilimfundisha kitu ambacho mtoto wa taifa kubwa hakijui kamwe, yaani kwamba ulimi wa mtu wa kwanza si ulimi wa dunia nzima, na kwamba anayetaka kuingia katika nyumba ya watu lazima agonge mlango kwa lugha yao. Miaka ilipita kabla somo hilo halijazaa matunda, na kama tutakavyoona, kwanza alilisahau.

Masomo ya sekondari na ya seminari tuyapite. Alipewa upadri huko Brixen tarehe 25 Julai 1875, akapelekwa kuwa msaidizi katika parokia ya San Martin de Tor, katika bonde lake mwenyewe. Hapo aliwahubiria watu kwa Kiladini, akawafundisha watoto, akapendwa sana. Padri kijana angeweza kumaliza siku zake zote kwa amani mahali pale, katikati ya ndugu zake. Walakini moyo wake haukutulia. Mwaka ule ule wa upadirisho wake, tarehe 8 Septemba 1875, Padri mmoja Mjerumani, Arnold Janssen, alikuwa amefungua nyumba ya wamisionari huko Steyl, nchini Uholanzi, kando ya mto Maas. Ilikuwa Uholanzi kwa sababu serikali ya Bismarck siku zile ililibana Kanisa katika Ujerumani yenyewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa hoteli ya zamani iliyochakaa, na watu wenye busara walisema mpango huo hautadumu. Katika hoteli hiyo lilianza Shirika la Neno la Mungu, ambalo leo limeenea katika nchi nyingi za dunia.

Padri Freinademetz alisikia habari za Janssen, akamwandikia, na mwaka 1878 akaomba ruhusa kwa askofu wake. Brixen ilihitaji mapadri. Inasimuliwa kwamba Askofu Gasser alimjibu kwamba kama askofu wa Brixen alipenda kukataa, lakini kama askofu wa Kanisa Katoliki hakuweza. Wazazi nao walimwachia. Twaomba msomaji asipite haraka hapo. Siku zile hapakuwa na likizo ya kurudi nyumbani baada ya miaka michache. Mama aliyemwaga mwanawe aendaye China alijua kwamba amwona mara ya mwisho, na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Agosti Padri huyo aliondoka bondeni kwake, na hakulikanyaga tena mpaka kufa.

Tarehe 2 Machi 1879 yeye na mwenzake, Padri Johann Baptist Anzer wa Bavaria, walipokea msalaba wa umisionari huko Steyl. Walikuwa wawili wa kwanza kutumwa na Shirika. Walipitia Roma kupata baraka ya Baba Mtakatifu Leo wa XIII, wakapanda meli, na mwezi wa Aprili wakafika Hong Kong. Anzer alikuwa na haraka ya kutawala, Freinademetz alikuwa na haraka ya kubatiza, na wote wawili walikuta kwamba China haikuwa ikiwangoja.

Hong Kong alikaa karibu miaka miwili, chini ya Askofu Raimondi, akajifunza lugha na kutembelea vijiji vya wavuvi na wakulima upande wa Sai Kung, pamoja na kisiwa kidogo cha Yim Tin Tsai, ambako watu walitengeneza chumvi. Na hapa twafika mahali ambapo waandishi wengi wa maisha ya watakatifu hupunguza mwendo wa kalamu au huruka kabisa. Barua alizoandika Padri Freinademetz katika miaka ile ya kwanza si nzuri kusoma. Aliwaona Wachina kuwa wadanganyifu, wenye kiburi, wasio na moyo wa shukrani. Alifikia hata kuandika kwamba Mungu hakuwapa Wachina vipawa sawasawa na vile alivyowapa watu wa Ulaya. Tabia zao hazikumpendeza, chakula chao hakikumpendeza, na wao kwa upande wao walimcheka wazi barabarani, wakamwita shetani wa kigeni. Mpanda farasi wa Injili, aliyeondoka Tirol kwa machozi na nyimbo, alijikuta mtu wa kuchekwa na watoto.

Twaona si haki kuyaficha hayo. Mtu asiyejua pale alipoanzia Freinademetz hawezi kujua safari yake ilikuwa ndefu kiasi gani. Tena jambo hilo si la Hong Kong peke yake. Sisi Waafrika tumesoma barua nyingi za aina hiyo zilizoandikwa juu ya babu zetu na watu wema, wenye imani ya kweli, waliokuja kutuletea habari njema na ambao hata hivyo hawakutuona sawasawa. Wengine walikufa bila kubadilika, na Mungu atawahukumu kwa huruma kuliko sisi. Huyu alibadilika. Ndiyo sababu tunaandika habari zake.

Mwaka 1881 aliondoka Hong Kong kwenda kaskazini, katika jimbo la Shandong. Shirika lilipewa sehemu ya kusini ya jimbo hilo, nchi ya wakazi wapatao milioni 12. Wakristu waliowakuta huko walikuwa 158, wote katika kijiji kimoja kiitwacho Puoli. Nchi hiyo si ya pembeni katika mawazo ya Wachina. Hapo ndipo alipozaliwa Konfusio, mwalimu wao mkuu, na karibu na kaburi lake, katika mji wa Yanzhou, wasomi na maofisa waliapa kwamba mgeni hatajenga. Mabishano juu ya mji huo yaliendelea miaka mingi.

Padri alinyoa nywele za mbele, akaacha msokoto mrefu nyuma kama sheria ya siku zile ilivyowadai wanaume wote wa China, akavaa nguo za Kichina, na akapewa jina la Kichina, Fu Shenfu. Fu maana yake ni heri au baraka, na Shenfu ni Padri. Lakini yeye mwenyewe aligundua upesi kwamba nguo hubadilishwa kwa dakika chache na moyo haubadilishwi hivyo. Katika maandishi yake ya baadaye alisema kwamba kazi kubwa ya mmisionari ni kugeuza utu wake wa ndani, na kwamba kuvaa kanzu ya Kichina ni jambo jepesi likilinganishwa na hilo. Alizunguka kwa miguu, kwa nyumbu, na kwa yale mateksi ya gurudumu moja ambayo Wachina wa kaskazini siku zile waliyasukuma kwa mikono, akapita vijiji kwa vijiji, akilala katika nyumba za wageni za udongo, akila walichokula wenyeji. Wanyang'anyi walikuwa wengi. Mara nyingi alifukuzwa kijijini kabla hajafungua mdomo.

Ni vigumu kusema ni siku gani hasa moyo wake uligeuka. Mambo ya namna hiyo hayana tarehe. Pengine ni wanakijiji maskini waliompokea usiku wakati wakubwa walipomfukuza mchana, au makatekista wake, watu wa kawaida, ambao waliweza kueleza imani katika nusu saa kwa mifano ambayo yeye asingeifikiri katika mwaka mzima. Lakini tunayo barua ya mwaka 1886 kwa jamaa zake huko Badia, na ndani yake mtu ni mwingine kabisa. Aliwaandikia kwamba yeye sasa ni Mchina zaidi kuliko Mtirol, kwamba anawapenda Wachina, na kwamba hata mbinguni angependa kubaki Mchina. Jamaa zake walipoisoma barua hiyo kando ya jiko, theluji ikiwa dirishani, sijui kama walifurahi au waliumia. Twadhani yote mawili. Hakuwa amewasahau, aliendelea kuwaandikia mpaka mwisho, akiwauliza habari za mavuno na za ng'ombe.

Mwaka 1889, katika sehemu za Caozhou, genge la watu lilimkamata, likampiga, likamfunga na kumburuta njiani. Alipoona kwamba watamuua, alianza kuwahubiria habari za Mungu kwa Kichina chao, bila matusi na bila kuomba. Wakamwachia. Habari hiyo hupendwa sana na watoto wa katekisimu, na kwa haki. Lakini sisi twastaajabia zaidi kazi zake zisizo na msisimko. Alitunga kitabu cha kuwafundishia makatekista kwa Kichina. Aliwaongoza makatekista na mapadri katika mafungo. Alikaa saa nyingi katika kiti cha maungamo. Alipokea kijiji chenye familia nne za wakatekumeni, akakiacha, akarudi baada ya miezi, akawakuta wawili wameacha, akaanza tena. Mamlaka aliyatwaa pale tu alipoamriwa. Kila mara Askofu Anzer aliposafiri kwenda Ulaya, na alisafiri mara nyingi, uongozi wa misioni ulimwangukia Freinademetz. Na kila mara askofu aliporudi, Freinademetz alichukua fimbo yake akarudi vijijini.

Juu ya Askofu Anzer twasema maneno machache, maana bila yeye hadithi hii haieleweki. Aliwekwa wakfu askofu mwaka 1886. Alikuwa mtu wa nguvu, hodari wa mipango, mwenye ujasiri usiokanushika. Lakini alikuwa mgumu wa kuishi naye, na malalamiko ya mapadri wake yalifika mpaka Roma. Freinademetz alimtii. Hakuwa mjinga wala mnyamavu. Aliyoyaona hayafai alimwandikia Padri Janssen wazi. Ila mbele ya watu hakumvunjia askofu wake heshima hata mara moja.

Katika mambo ya Anzer lilikuwamo moja ambalo lilileta maafa. Kwa mikataba ya mwaka 1858 na 1860, iliyotiwa sahihi mbele ya mizinga, Ufaransa ilikuwa imejitwalia kazi ya kuzilinda misioni zote za Kikatoliki katika China. Mwaka 1890 Anzer aliitoa misioni yake katika ulinzi wa Wafaransa akaitia chini ya Ujerumani. Wakubwa wa Berlin walifurahi, maana walikuwa wakitafuta bandari pwani ya China na hawakuwa na kisa. Kisa kilipatikana. Usiku wa tarehe 1 Novemba 1897, katika kijiji cha Zhangjiazhuang, watu wenye silaha waliivamia nyumba ya misioni wakawaua mapadri wawili wa Shirika, Richard Henle na Franz Nies. Haikupita hata nusu mwezi, manowari za Kijerumani zikaiteka ghuba ya Jiaozhou. Mwaka uliofuata China ililazimishwa kuikodisha ghuba hiyo kwa miaka 99, na Wajerumani wakajenga mji wa Qingdao. Serikali ya China ikatakiwa pia ilipe fedha za kujenga makanisa kwa fidia ya damu ya mapadri wale.

Hebu msomaji afikiri jinsi Mchina wa kawaida alivyoyatazama makanisa hayo. Wafu wale wawili walikwenda China bila bunduki, wakauawa usiku, na kabla kaburi lao halijakauka damu yao ikageuzwa hati ya kununulia bandari. Wasomaji wetu wa Tanzania hawana haja ya kufika Shandong ili waelewe. Wajerumani wale wale walikuwa wakitawala nchi hii, na tarehe 14 Agosti 1905, karibu na Liwale, vita ya Maji Maji ilipowaka, Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam aliuawa pamoja na wenzake wanne. Naye alikuwa mtu wa Tirol. Waliomwua hawakuona tofauti kati ya msalaba wa askofu na bendera ya serikali, na nani atawalaumu kwa wepesi?

Hatuwezi kumtenga Freinademetz na mambo hayo kana kwamba aliishi katika nchi nyingine. Yeye pia alitembea na hati ya kusafiria iliyopatikana kwa mikataba ile, na mara kadhaa alikwenda mbele ya maofisa wa China kudai haki za Wakristu wake, akijua kwamba nyuma ya neno lake umesimama ubalozi. Hakuutunga utaratibu huo, wala hakuukimbia. Lakini ilipofika saa ya kuchagua, alionyesha upande gani ni wake.

Saa hiyo ilifika mwaka 1900. Hasira iliyokuwa imejikusanya ililipuka, na kuzaliwa kwake kulikuwa Shandong yenyewe. Watu walioitwa Mabondia, yaani chama cha Yihetuan, walishika silaha kuwafukuza wageni wote na kuwaua Wakristu wa China waliowafuata. Wamisionari wa Shandong Kusini waliamriwa kuondoka wote na kukimbilia Qingdao, penye askari wa Kijerumani. Mwaka huo huo Padri Freinademetz alikuwa amewekwa kuwa mkubwa wa Shirika katika jimbo. Mwaka 1898 alikuwa ameugua koo na kifua hata wakubwa wakamlazimisha kwenda Japani kupumzika, naye hakupona kabisa. Mtu mgonjwa wa namna hiyo, mwenye amri mkononi, asingelaumiwa na yeyote kama angepanda gari akaenda baharini. Alianza kweli safari kwa utii. Njiani moyo ukamshinda. Wakristu wa Puoli hawakuwa na Qingdao ya kukimbilia. Akaomba ruhusa, akageuka nyuma, akarudi Puoli, akakaa nao ndani ya kuta za udongo mpaka hatari ilipopita. Ilipita kwa sababu, kati ya nyingine, liwali wa jimbo, Yuan Shikai, aliwazuia Mabondia kwa nguvu, hata Shandong Kusini haikupatwa na mauaji kama yale ya Shanxi na Hebei. Freinademetz hakuyajua hayo alipogeuza uso.

Mwezi wa Novemba 1903 Askofu Anzer alikufa ghafla akiwa Roma. Wengi katika misioni walidhani kwamba Freinademetz ndiye atakayewekwa mahali pake. Alikuwa ameiongoza misioni mara nyingi, na hakuna aliyewajua watu zaidi. Mwaka 1904 akateuliwa mwenzake aliyekuwa kijana kuliko yeye, Augustin Henninghaus. Freinademetz alimpokea bila neno, akawa mkono wake wa kuume. Henninghaus ndiye aliyekuja kuandika maisha yake, na mtu akisoma kitabu cha askofu juu ya padri aliye chini yake, kilichoandikwa kwa upendo wa namna ile, hujua kwamba kati yao haikuwamo chembe ya wivu.

Mwisho wa mwaka 1907 Askofu Henninghaus alikuwa Ulaya, na Freinademetz kwa mara nyingine aliachiwa uongozi. Homa kali ya tifasi, ile iletwayo na chawa, ikaingia katika nchi. Watu walikufa katika vijiji na katika nyumba za misioni. Padri alikwenda kwa kila aliyemwita, akawapaka wagonjwa mafuta matakatifu, akaketi kando ya vitanda vyao. Alikuwa na miaka 55 na mapafu mabovu. Mwezi wa Januari ugonjwa ukamshika naye. Akarudi Taikia, makao makuu ya misioni, akalala, akapokea Sakramenti, na tarehe 28 Januari 1908 akafa. Alikuwa amekaa China karibu miaka 29 bila kurudi Ulaya hata siku moja. Pale palipokuwa na Wakristu 158, aliacha makumi ya maelfu.

Yaliyofuata ni mafupi. Baba Mtakatifu Paulo wa VI alimtangaza Mwenye Heri tarehe 19 Oktoba 1975, pamoja na Arnold Janssen, na tarehe 5 Oktoba 2003 Yohane Paulo wa II aliwaandika wote wawili katika orodha ya Watakatifu. Siku hiyo hiyo, katika Misa ile ile, alitangazwa Mtakatifu pia Daniele Comboni, askofu aliyekufa Khartoum mwaka 1881, ambaye wana wake waliihubiri Injili katika Sudani na Uganda. Mwaka 2008, akiwa mapumzikoni Brixen, Benedikto wa XVI alipanda mpaka Oies kuiona nyumba ya wakulima. Huko San Martin de Tor, alikokuwa padri msaidizi, leo ipo taasisi ya kuhifadhi Kiladini, iliyoanzishwa mwaka 1976, na katika ngome ya zamani juu ya kijiji imewekwa nyumba ya makumbusho ya Waladini. Watoto wa bonde hufundishwa shuleni kwa Kijerumani na Kiitaliano kwa kiasi sawa, na Kiladini pamoja nazo, kwa hiyo mtoto wa Oies haanzi tena masomo yake kama bubu.

Huko Taikia walimzika kwenye Njia ya Msalaba, penye kituo cha kumi na mbili, mahali Bwana anapokufa msalabani. Wakristu walimlilia kama watu waliofiwa na baba na mama kwa siku moja. Kisha walianza kuja kaburini wenyewe, bila kuitwa na padri yeyote, kwa miguu na kwa mateksi ya gurudumu moja, wakapiga magoti juu ya udongo, wakamweleza Fu Shenfu shida zao kwa Kichina, kama walivyozoea.